Kwa nini maji yachemke nyuzi 100 na HF (hidrojeni floridi) nyuzi 19.5 tu, wakati florini ndiyo kinara wa kuvuta elektroni?

#1 Chaki na Ubao (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita, huu ni mwaka wa 11. Kuna kosa moja linalonirudia kila mwaka, tena kutoka kwa wanafunzi wenye akili nzuri kabisa. Wamekariri kwamba elektronegativiti ikiwa kubwa, bondi ya hidrojeni nayo inakuwa na nguvu zaidi, basi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili haiandikwi sana kwenye madaftari, na ndiyo inayowaangusha. Nimeona niiandike hapa kwa Kiswahili, taratibu, ili hata anayesoma usiku peke yake bila mwalimu aielewe.

Namba kwanza. Kwenye kipimo cha Pauling florini ina 3.98, oksijeni 3.44, nitrojeni 3.04, na hidrojeni yenyewe 2.20. Kwa kufuata kile walichokariri, HF ilitakiwa ichemke juu ya maji, na maji juu ya amonia. Sasa tazama hali halisi: HF huchemka nyuzi 19.5, maji nyuzi 100, amonia nyuzi 33 chini ya sifuri. Florini imeachwa na oksijeni kwa nyuzi zaidi ya 80.

Tusikimbilie jibu. Elektronegativiti ni uwezo wa atomu kuvuta upande wake elektroni ambazo imechangia na mwenzake ndani ya bondi. Linus Pauling alitoa kipimo chake mwaka 1932, na namba hizo hakuzipata kwa kupima mvuto moja kwa moja. Aliangalia nishati za bondi. Aliona bondi kati ya atomu mbili za aina tofauti huwa imara kuliko unavyotegemea ukichukua wastani wa kila atomu na ya aina yake, na ile ziada ndiyo aliyoigeuza kuwa namba. Kwa hiyo 3.98 ya florini si uzito wala chaji, inakuambia tu nani anavuta zaidi ya nani.

Sasa hidrojeni. Hii ina elektroni moja tu, haina tabaka la ndani. Sodiamu ukiinyang'anya elektroni yake ya nje, bado imebaki na 10 zinazofunika kiini. Hidrojeni ikivutiwa elektroni yake upande wa oksijeni, upande wake wa nyuma unabaki karibu uchi, protoni ikichungulia nje. Uchi huo mdogo ndio unaoruhusu atomu ya molekuli nyingine isogee karibu sana na jozi yake ya elektroni. Bondi ya hidrojeni ndiyo hiyo.

Naomba hapa msome polepole. Bondi hii ina watu wawili. Yuko mtoaji, yaani atomu iliyoishika hidrojeni, na yuko mpokeaji, yaani atomu ya jirani inayoleta jozi ya elektroni ambayo haikutumika kwenye bondi yoyote (mimi huziita jozi pweke). Elektronegativiti inawagusa wote wawili, lakini kwa namna zinazopingana:

Kwa mtoaji, ikiwa kubwa ni faida. Anavuta elektroni za hidrojeni kwa nguvu, hidrojeni inabaki na chaji chanya kubwa zaidi.

Kwa mpokeaji, ikiwa kubwa ni hasara. Jozi pweke ameikumbatia mwenyewe, hataki kuisogeza kwa hidrojeni ya jirani.

Ushahidi ni huu, kwa kilojuli kwa moli, na ni namba za kukadiria kwa molekuli mbili mbili zikiwa katika hali ya gesi. Maji yakitoa hidrojeni na maji yakapokea: karibu 21. Maji yakitoa na amonia ikapokea: kati ya 27 na 29. Amonia ikitoa na amonia ikapokea: karibu 13. Amonia ikitoa na maji yakapokea: haifiki hata 10.

Linganisha ya kwanza na ya pili. Mtoaji ni yuleyule, maji. Tumebadilisha mpokeaji tu, tukaweka nitrojeni ambayo elektronegativiti yake ni ndogo kuliko ya oksijeni, na bondi imepanda. Aliyekariri ile nusu hawezi kulieleza hilo.

Karibuni tujadili.

#2 PCB Tano

Mwalimu shikamoo. Ahsante sana kwa uzi, nimeurudia mara tatu. Nina swali ambalo nililiuliza darasani kwetu nikaambiwa nikariri tu kwamba ni F, O na N.

Klorini ina 3.16. Nitrojeni ina 3.04. Klorini imeizidi nitrojeni. Sasa mbona tunasema amonia ina bondi za hidrojeni halafu HCl (hidrojeni kloridi) hatuihesabu? Nimeangalia jedwali, HCl inachemka nyuzi 85 chini ya sifuri na amonia nyuzi 33 chini ya sifuri. Kwa hiyo kweli amonia imeshinda. Lakini kwa nini?

#3 Mpiga Hesabu

Mkuu Chaki, nakuheshimu ila hapa umezunguka. Swali la kichwa cha uzi wako hujalijibu. Maji yanachemka juu ya HF, maana yake bondi ya maji ina nguvu kuliko ya HF. Nguvu kubwa, joto kubwa. Hayo ya mtoaji na mpokeaji ni mapambo.

#4 Chaki na Ubao

PCB Tano, marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, nalijia. Nianze na ndugu yangu Mpiga Hesabu, kwa sababu hoja yake ndiyo inayofanya watu wengi wapotee njia.

Mkuu, kiwango cha kuchemka hakipimi bondi moja. Kinapima kazi yote ya kuitoa molekuli kwenye kimiminika na kuipeleka kwenye mvuke. Kwa hiyo kuna maswali matatu: kila bondi ina nguvu kiasi gani, kila molekuli imeshikwa na bondi ngapi, na je, zote zinakatika inapochemka?

Hesabu bondi. Molekuli ya maji ina hidrojeni mbili za kutoa na jozi pweke mbili za kupokelea. Mbili kwa mbili, hakuna kinachobaki bila mwenzi. Kila molekuli inaweza kushikwa na majirani wanne, na kwenye barafu ndivyo ilivyo hasa: kila oksijeni imezungukwa na oksijeni nne, umbali wa pikomita 276 hivi kutoka moja hadi nyingine. HF ina jozi pweke tatu, lakini hidrojeni moja tu. Jozi mbili zinakaa bila kazi kwa sababu hakuna hidrojeni za kutosha. Matokeo yake HF inajipanga mnyororo wa kupinda-pinda, kila molekuli na majirani wawili. Amonia ni kinyume chake, ina hidrojeni tatu na jozi pweke moja ya kuzipokea zote.

Kisha lipo la tatu ambalo watu husahau. HF ikichemka, mvuke wake hautoki molekuli mojamoja. Unatoka ukiwa bado umeshikana vikundi vikundi, hata vya molekuli sita zilizofunga duara. Sehemu kubwa ya bondi zake hatukuzikata kabisa. Maji yakichemka, mvuke wake karibu wote ni molekuli mojamoja, maana yake tumelipa gharama ya bondi zote. Ndiyo maana sufuria ya maji inakula mkaa mwingi hivyo: kilo moja ya maji yaliyokwisha kufika nyuzi 100 inahitaji kama kilojuli 2,260 nyingine ili iishie mvuke.

Kwa hiyo ukiniuliza kama florini ni mtoaji dhaifu, nakuambia hapana, ni mtoaji hodari kuliko wote hapa. Mpe mpokeaji mzuri uone. HF ikiitolea amonia, bondi ni karibu kilojuli 50 kwa moli. Ikiyatolea maji, karibu 35. Ikiitolea HF mwenzake, inashuka chini ya 20. Mtoaji ni yuleyule mara tatu. Kilichobadilika ni ukarimu wa anayepokea, na florini ndiyo yenye mkono mgumu kuliko wote. (Zile 29 mnazoziona kwenye vitabu kwa HF si uongo. Kwenye mnyororo mrefu kila bondi inaiongezea nguvu ya jirani yake. Zangu ni za molekuli mbili tu.)

Na mpe florini mpokeaji ambaye tayari ana elektroni ya ziada, yaani ayoni ya floridi yenyewe. Inazaliwa ayoni ya HF2 yenye chaji hasi moja, hidrojeni ikiwa imekaa katikati kabisa kati ya florini mbili, na bondi ina kilojuli karibu 160 kwa moli. Hiyo inalingana na bondi ya kovalenti (ile ya atomu kuchangia elektroni) inayoshikilia florini mbili kwenye gesi ya F2! Ukweli ni kwamba hapo mpaka kati ya bondi ya hidrojeni na bondi ya kawaida unafutika.

Sasa PCB Tano. Klorini.

Uliyoyaona ni sahihi, 3.16 ni kubwa kuliko 3.04, usimruhusu mtu akuambie umesoma vibaya. Jibu liko kwenye ukubwa wa atomu. Florini, oksijeni na nitrojeni ziko mstari wa pili wa jedwali, ni ndogo: pikomita 147, 152 na 155 ukipima nusu kipenyo cha nje cha kila moja. Klorini ni 175. Jozi zake pweke zimetanuka kwenye nafasi kubwa, ile chaji hasi imetawanyika kama sukari kijiko kimoja kwenye ndoo. Hidrojeni ya jirani inaposogea haikuti mahali penye elektroni zilizosongamana, na haiwezi kufika karibu. Nguvu ya mvuto wa chaji inashuka haraka umbali unapoongezeka, na hapo ndipo klorini inapopoteza.

Lakini msiseme HCl haina kabisa. Ipo, hasa ikiwa imeganda, ila ni dhaifu kiasi kwamba haitoshi kuonekana kwenye kiwango cha kuchemka. Ile orodha ya F, O, N ni njia fupi ya kukumbuka, si amri ya maumbile.

#5 Fundi wa Maabara

Mkuu Chaki, uzi wa maana sana. Mimi si mwalimu, niko maabara kuandaa mazoezi ya vitendo. Naomba niongeze mambo mawili ambayo mtu anaweza kuyaona kwa macho yake.

La kwanza. Chukua silinda ya kupimia, weka maji mililita 50. Nyingine weka ethanoli mililita 50. Changanya. Usomaji hautafika 100, utakuta 96 au 97. Watu wakiona hivyo husema papo hapo "bondi za hidrojeni hizo", ila mimi huwaambia wasubiri. Hata ukichanganya debe la maharage na debe la mchele hupati madebe mawili kamili, maana mchele unaingia kwenye nafasi za maharage. Kwa hiyo kupungua peke yake hakutoshi kuwa ushahidi. Wawekee kipimajoto wakati wa kuchanganya. Kinapanda. Mimi huwa nawapa wanafunzi chupa waishike kwa mkono, wanasikia joto lake kiganjani. Joto hilo limetoka kwenye bondi mpya zilizofungwa kati ya maji na ethanoli, na hapo ndipo ninapoamini.

La pili linahusu hoja ya klorini, kutoka upande mwingine. Klorofomu ni kaboni moja, hidrojeni moja, klorini tatu. Kaboni ina 2.55 tu, kwa kawaida hidrojeni iliyoko kwenye kaboni haijishughulishi na mtu. Lakini klorini tatu zikiivuta kaboni kwa pamoja, kaboni nayo inaivuta hidrojeni, na hidrojeni hiyo inaanza kutafuta jozi pweke. Klorofomu huchemka nyuzi 61, asetoni nyuzi 56. Mchanganyiko wao kwa kipimo fulani huchemka nyuzi 64 hivi, juu ya wote wawili. Wameshikana, hidrojeni ya klorofomu kwa oksijeni ya asetoni.

Tahadhari, tafadhali: hilo la pili msilijaribu nje ya kabati la kunyonya mvuke, na msiruhusu alkali yoyote iguse mchanganyiko huo. Unaweza kulipuka.

#6 PCB Tano

Kumbe klorini inasaidia ikiwa nyuma ya mtoaji hata kama yenyewe si mpokeaji mzuri! Hili sikuwahi kuambiwa.

#7 Mama wa Saluni

Hamjambo jamani. Mwalimu, mie kemia niliiachia kidato cha pili, ila binti yangu ndiye ameniwekea uzi huu nisome, anasema unahusu kazi yangu. Nimesoma mpaka hapa na nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia, Mungu akubariki.

Nina swali la kikazi. Mteja akija na nywele za kipilipili, nikimwosha, nikamkausha kwa draya, nikampitishia pasi ya nywele, zinanyooka vizuri kabisa. Akitoka akakutana na mvua ya masika, hata manyunyu tu, kabla hajafika kituo cha daladala zimerudi. Tena wengine hawanyeshewi, ni ule unyevu wa asubuhi tu. Lakini niliyemtia dawa, anyeshewe asinyeshewe, zimenyooka mpaka zitakapoota mpya. Binti yangu anasema ni hizo bondi zenu. Ni kweli?

#8 Chaki na Ubao

Mama, shikamoo. Binti yako yuko sahihi.

Unywele umetengenezwa kwa keratini, protini ndefu kama nyuzi za kusuka. Kila baada ya hatua fulani kwenye uzi huo kuna nitrojeni yenye hidrojeni, na kuna oksijeni iliyofungwa kwa kaboni. Nitrojeni ya sehemu moja hutoa hidrojeni, oksijeni ya sehemu nyingine huipokea. Ziko nyingi mno, na kwa pamoja zinashikilia umbo la unywele.

Unapoosha, maji yanaingia ndani ya unywele. Na maji, kama tulivyosema, ni mtoaji mzuri na mpokeaji mzuri. Yanajipenyeza katikati ya nitrojeni na oksijeni za keratini na kushikana nazo yenyewe. Unywele unalegea. Unaponyoosha kwa draya na pasi, unayafukuza maji huku umeuvuta unywele, na bondi zinafunga upya zikiwa kwenye umbo ulilolitaka wewe. Mvua ikirudi, au hata unyevu wa hewa, molekuli za maji zinaingia tena, zinazifungua, na unywele unarudi kwenye umbo lake la asili.

Umbo la asili linakumbukwa na kitu kingine: bondi za salfa kwa salfa. Hizo ni za kovalenti, nguvu yake ni zaidi ya mara 10 ya bondi moja ya hidrojeni, maji hayaziwezi. Dawa yako ndiyo inayozivunja. Ndiyo sababu nywele zilizotiwa dawa hazirudi, na ndiyo sababu pia dawa ikikaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa inaharibu unywele na kuunguza ngozi, wakati maji hayawezi kukudhuru.

#9 Mama wa Saluni

Marahaba baba. Sasa nimepata la kuwaambia wateja wanaonilaumu kwamba sikunyoosha vizuri.

#10 Mpiga Hesabu

Mkuu Chaki, nimerudi. Hoja ya kuhesabu bondi nimeikubali, nilichanganya nguvu ya bondi moja na jumla. Lakini bado hujanishawishi kuhusu mpokeaji. Namba za HF kwa amonia na kwa maji zote ni za gesi, molekuli mbili mbili. Nipe kitu cha duniani. Florini ina 3.98 na jozi pweke za kutosha. Unataka kuniambia haiwezi kupokea hidrojeni ya maji?

#11 Chaki na Ubao

Swali zuri, na nakushukuru kwa kurudi na kusema ulichokikubali.

Nenda jikoni ukachukue kikaango kisichoshika chakula, kile chenye utando mweusi wa tefloni. Hakikisha ni kisafi. Mwagia tone la maji. Halitambai, linajikusanya, linasimama kama shanga, ukikiinamisha kidogo linateleza lote. Tefloni ni mnyororo wa kaboni uliofunikwa florini pande zote. Yaani tone lile limekaa juu ya zulia la atomu zenye elektronegativiti kubwa kuliko zote kwenye jedwali, kila moja ina jozi pweke tatu, na bado maji hayataki kushikana nazo. Tone lilelile ukiliweka kwenye kanga ya pamba, linanywewa papo hapo, kwa sababu pamba imejaa oksijeni zenye hidrojeni, zinazotoa na kupokea.

Wanakemia walilichunguza hili kwa makini. Mwaka 1997 Jack Dunitz na Robin Taylor walipitia miundo ya fuwele iliyokuwa imekusanywa, wakitafuta mahali ambapo florini iliyofungwa kwa kaboni inapokea bondi ya hidrojeni. Walikuta ni nadra sana.

Ona na hii. Chukua amonia, ondoa hidrojeni tatu, weka florini tatu. Unapata NF3. Nitrojeni bado ina jozi yake pweke, mchoro wake ubaoni unafanana na wa amonia. Lakini florini tatu zimeinyonya nitrojeni elektroni zake hadi jozi ile haina tena moyo wa kutoa. Amonia inadaka protoni kwenye maji bila shida, NF3 karibu haidaki kabisa.

Kwa hiyo ukikutana na bondi yoyote ya hidrojeni kwenye mtihani, usiulize tu atomu gani ina namba kubwa. Mtazame anayetoa, umtazame anayepokea, kila mmoja na hesabu yake, kisha utazame ni nani wamesimama nyuma yao wakivuta.

#12 Mdau wa Maikrobiolojia

Nachomekea kidogo. Kwenye DNA nitrojeni anafanya kazi zote mbili. Kati ya herufi zake A na T kuna bondi mbili: moja nitrojeni inaitolea oksijeni, nyingine nitrojeni inaitolea nitrojeni. Kati ya G na C ziko tatu. Na udhaifu wake ni neema, maana kila seli inapogawanyika lazima nyuzi mbili zifunguke. Sisi maabara huzifungua kwa kupasha hadi nyuzi 95 hivi, na bondi za kovalenti za uti wa DNA zinabaki salama. Sehemu yenye G na C nyingi huhitaji joto zaidi kufunguka, ingawa hapo kuna pia suala la jinsi herufi zinavyolaliana, si bondi za hidrojeni peke yake.

#13 Chaki na Ubao

Ahsante mdau. PCB Tano, hilo lisome mara mbili, linakuunganishia kemia na baiolojia.

Nami nakuachia zoezi. Ethanoli huchemka nyuzi 78. Sasa zile hidrojeni tatu za mwisho wa mnyororo, mbali na oksijeni, zibadilishe ziwe florini: CF3CH2OH. Molekuli imekuwa nzito zaidi ya mara mbili, kutoka 46 hadi 100. Lakini inachemka nyuzi 74, chini ya ethanoli. Nieleze kwa nini, kwa kutumia mtoaji na mpokeaji.

#14 PCB Tano

Mwalimu, nimekaa nalo tangu jana. Najaribu.

Florini tatu zinavuta elektroni kupitia kaboni mpaka kwenye oksijeni. Oksijeni ikinyang'anywa, nayo inavuta zaidi kwa hidrojeni yake. Kwa hiyo hidrojeni ya OH inakuwa chanya zaidi, na hiyo molekuli ni mtoaji bora kuliko ethanoli. Lakini oksijeni hiyohiyo, kwa kuwa imenyang'anywa, jozi zake pweke haizitoi kirahisi, kwa hiyo ni mpokeaji mbaya kuliko ethanoli. Na kwenye kimiminika kilicho kitupu, bila kuchanganywa na kitu, kila molekuli lazima itoe na ipokee kwa mwenzake wa aina ileile. Watoaji wamekuwa wazuri lakini hawana wa kumpa. Na zile florini zenyewe hazipokei, kama ulivyosema kwenye kikaango.

Ila sikuweza kueleza kwa nini uzito haukusaidia.

#15 Chaki na Ubao

Umepata, tena kwa maneno yako mwenyewe.

Utoaji wake unaweza kuuona kwenye tindikali: pKa (namba ambayo ikiwa ndogo, hidrojeni inaachiwa kirahisi zaidi) ya ethanoli ni karibu 16, ya hiyo yenye florini ni karibu 12.4. Hidrojeni yake iko karibu zaidi na kuondoka.

Kuhusu uzito: uzito wenyewe haushiki molekuli pamoja. Kinachoshika ni zile nguvu ndogo za elektroni zinazoyumba, na kwa kawaida molekuli nzito ina elektroni nyingi zinazoyumbishika. Florini amezibana elektroni zake, haziyumbi kirahisi. Kwa hiyo umeongeza gramu 54 kwa moli bila kuongeza mvuto wa kutosha. Ni tabia ileile ya florini iliyomfanya mpokeaji mbaya.

Sasa ichanganye na amonia au kitu kingine chenye nitrojeni iliyo tayari kupokea, kisha uniambie unategemea kipimajoto kiende wapi.

#16 PCB Tano

Juu, mwalimu. Kuliko ethanoli ingefanya.